Mnunuzi Asiyeonekana: Uhakiki wa Historia ya Nadharia za Ushindani na Ukiritimba kwa Kurejelea Soko la Kakao na Mpunga Makwale, Kyela

Ikisiri

Makala hii inahakiki historia ya nadharia za kiuchumi kuhusu ushindani na ukiritimba, kuanzia Aristotle hadi nadharia za minada za karne ya 21, kwa kuzipima dhidi ya mazingira ya mkulima wa kakao na mpunga katika kata ya Makwale, wilayani Kyela. Hoja kuu ni kwamba sehemu kubwa ya nadharia hizo imejengwa juu ya muuzaji na kumwacha mnunuzi gizani. Kutokana na upungufu huo, sera mbili zinazopingana, yaani soko huria la miaka ya 1990 na mfumo wa stakabadhi ghalani, zimeweza kutetewa kwa neno lilelile moja: ushindani. Makala inaonesha kuwa kipimo cha hasara kilichozoeleka katika nadharia hakiwezi kuiona hasara ya mwenye miti ya kakao, na kwamba mjadala kuhusu ununuzi wa kakao mbichi ni mjadala wa mkopo na muda kabla ya kuwa mjadala wa bei.

1.0 Utangulizi

Kata ya Makwale imo katika bonde linaloshuka kutoka miinuko ya Rungwe hadi ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Kama ilivyo katika sehemu nyingine za bonde hilo, kaya nyingi hulima mpunga kwenye maeneo yanayotwama maji na hutunza kakao karibu na nyumba, chini ya kivuli cha migomba, miembe na michikichi. Mazao hayo mawili yako katika shamba la mtu mmoja, lakini kinadharia hayafanani hata kidogo. Mpunga huliwa. Mwenye mpunga asiyeridhika na bei anaweza kuuweka ndani, kuukoboa kidogo kidogo, kuwalisha watoto, au kungoja mnunuzi mwingine kutoka Mbeya, Dar es Salaam au ng'ambo ya Mto Songwe upande wa Malawi. Kakao hailiwi na anayeilima. Punje zikishatolewa kwenye ganda huanza kuchacha siku hiyohiyo, na zisipouzwa hazina kazi nyingine nyumbani. Kwa lugha ya wachumi, mwenye mpunga ana njia mbadala na mwenye kakao hana.

Tofauti hii ndogo ndiyo kiini cha uhakiki huu. Vitabu vya kufundishia uchumi nchini huanza mada ya soko kwa ushindani kamili, huendelea na ukiritimba, kisha humalizia na hali zilizo katikati. Katika mpangilio huo wahusika wa kuchunguzwa ni wauzaji: wako wangapi, bidhaa zao zinafanana au hazifanani, mpya anaweza kuingia au hawezi. Wanunuzi huchukuliwa kuwa umati usio na sura. Makwale hali imegeuka: wauzaji ndio umati, na wanunuzi wanahesabika.

2.0 Neno kabla ya nadharia

Inafaa kuanza na lugha yenyewe, kwa kuwa wahakiki wengi huipita haraka. Neno "ushindani" linatokana na kitenzi "shinda" chenye kiambishi cha kutendana, -an-. Mnyambuliko huo unadai watu wawili au zaidi wanaojuana na wanaotendeana jambo. Hakuna anayeshindana peke yake, na hakuna anayeshindana na mtu asiyemjua yupo. Sasa katika nadharia ya ushindani kamili kila muuzaji ni mdogo mno kiasi kwamba hawezi kuathiri bei, hana haja ya kumtazama jirani yake, na jirani hana haja ya kumtazama yeye. Bei hupokewa kama mvua inavyopokewa. Ukifuata sarufi ya Kiswahili, hali hiyo haina ushindani wowote.

McNulty (1968) alifikia hoja hiyohiyo kwa njia ndefu zaidi alipoonesha kuwa wachumi walichanganya mambo mawili: ushindani kama tendo, ambao ndio uliokuwa akilini mwa Adam Smith, na ushindani kama hali ya soko, ambao ulitokana na hisabati ya Cournot na wafuasi wake. Kwamba mnyambuliko wa kitenzi unampa msomaji wa Kiswahili hoja hiyo bure ni jambo ambalo istilahi zetu za uchumi hazijalitumia. "Ushindani kamili" ni tafsiri sahihi ya maneno ya kigeni, lakini imebeba mkanganyiko wake bila kuuweka wazi.

Upande wa pili wa istilahi una matatizo mengine. "Ukiritimba" katika matumizi ya kila siku humaanisha pia urasimu wa ofisini, yaani faili linalozungushwa meza hadi meza. Matumizi hayo si upotoshaji. Yanabeba kumbukumbu ya miaka ambapo aliyehodhi biashara na aliyekaa ofisini walikuwa mtu mmoja. Kwa upande wa mfanyabiashara binafsi, Kiswahili kina "mlanguzi", neno lenye hukumu ndani yake, lililopata nguvu zaidi wakati wa kampeni ya 1983 dhidi ya waliohesabiwa kuwa wahujumu uchumi. Korosho za kusini zimeongeza neno "kangomba". Hivyo lugha ina majina ya lawama kwa anayenunua ili auze ghali, lakini haina jina lililozoeleka kwa mnunuzi mmoja anayewakabili wauzaji wengi kihalali, mchana kweupe, kwa mizani iliyopigwa muhuri. Makala hii inatumia "ukiritimba wa mnunuzi" kwa maana hiyo.

3.0 Kutoka kinu cha zeituni hadi chemchemi ya maji

Simulizi ya kale zaidi ya ukiritimba inayotajwa katika historia ya fikra za uchumi imo katika kitabu cha kwanza cha Siasa cha Aristotle. Thales wa Mileto, aliyechekwa kwa umaskini wake, alitabiri mavuno makubwa ya zeituni. Wakati wa baridi, msimu ambao hakuna aliyefikiria kukamua mafuta, alilipa malipo ya awali kwa vinu vyote vya Mileto na Chios kwa bei ndogo. Mavuno yalipofika alivikodisha kwa bei aliyotaka. Wafasiri wengi huisoma habari hii kama ushahidi kuwa mwanafalsafa anaweza kutajirika akitaka. Aristotle mwenyewe alikusudia hivyo.

Hata hivyo, msomaji wa Kyela ataona mambo mawili yaliyopitwa. Kwanza, Thales hakuhodhi zeituni. Alihodhi sehemu ambayo kila zeituni ililazimika kupitia. Mkulima aliendelea kuwa na shamba lake, miti yake na mavuno yake, lakini thamani ya vyote hivyo ilipitia mlango wa mtu mmoja. Pili, Thales alinunua muda. Faida yake haikutoka kwenye wakati wa mavuno bali kwenye wakati wa baridi, pale wenye vinu walipohitaji fedha na hawakuwa na kazi. Mambo haya mawili, yaani mlango na muda, yatarudi tutakapofika kwenye ghala na kakao mbichi. Historia rasmi ya nadharia iliyaacha na kubaki na idadi ya wauzaji.

Smith (1776) hakuyaacha kabisa. Kwake ushindani ni mwendo: bei ya soko husukumwa kuelekea bei ya asili kwa sababu wenye mitaji huhama kutoka kazi isiyolipa kwenda inayolipa. Hakuhitaji wauzaji wasiohesabika. Alihitaji watu walio huru kuhama. Zaidi ya hapo, aliona kuwa waajiri wachache huelewana kwa urahisi kuliko wafanyakazi wengi, na kwamba maelewano yao ya kimyakimya ya kuzuia ujira usipande ni ya kawaida kiasi kwamba hakuna anayeyazungumza. Huo ni ukiritimba wa mnunuzi, ingawa anayenunuliwa ni kazi. Warithi wa Smith waliuweka katika mada ya ujira na kuuacha huko.

Cournot (1838) ndiye aliyebadilisha njia. Alianza na mmiliki mmoja wa chemchemi ya maji ya madini, akaongeza wa pili, kisha akaendelea kuongeza hadi kila mmoja akawa mdogo kupindukia. Ushindani ukawa mwisho wa hesabu inayoanzia kwenye ukiritimba, na kilichobadilika njiani kilikuwa idadi tu. Uzuri wa hesabu hiyo haukanushiki, na Bertrand (1883) alipoipinga alibishana juu ya kile ambacho wauzaji wanachagua, bei au kiasi, bila kugusa swali la nani yuko upande wa pili wa meza. Kwenye chemchemi ya Cournot wanunuzi ni mstari kwenye karatasi. Walras (1874) aliwapa wanunuzi sauti, lakini katika mfano wa soko la hisa la Paris, mahali ambapo bei hutangazwa, zabuni hutolewa mbele ya wote, na hakuna anayelazimika kuuza kabla ya jua kutua kwa sababu mtoto ana homa.

4.0 Robinson na jina la mnunuzi

Ilichukua hadi 1933 mnunuzi kupata jina. Sraffa (1926) alikwishaonesha kuwa kinachozuia kampuni nyingi kupanuka si gharama zinazopanda bali ugumu wa kuuza zaidi bila kushusha bei, na kwamba kila kampuni ina kipande cha soko chenye uzio wake. Chamberlin na Joan Robinson, kila mmoja kwa njia yake, walijenga juu ya hoja hiyo mwaka huohuo mmoja. Robinson ndiye aliyeugeuza uchambuzi upande wa pili, na kwa ushauri wa Hallward, mtaalamu wa lugha za kale huko Cambridge, akaunda neno la Kiyunani kwa mnunuzi pekee, monopsoni.

Chamberlin ana lake la kusema kuhusu Kyela, na inafaa lisemwe kwa ufupi. "Mchele wa Kyela" katika masoko ya Dar es Salaam ni mfano kamili wa bidhaa iliyotofautishwa: watu hulipa zaidi kwa harufu na kwa jina. Lakini jina hilo halina mwenyewe. Mfanyabiashara anaweza kuchanganya mchele wa kwingine na kuuandika Kyela, na nyongeza ya bei inayotokana na jina huishia mbali na bonde lililolizalisha. Chamberlin alidhani kuwa anayetofautisha bidhaa ndiye anayeiuza. Hapa mtofautishaji ni udongo, maji na mbegu za Makwale, na muuzaji ni mtu mwingine.

Mchango wa Robinson ni mkubwa zaidi, na kasoro yake inafundisha zaidi. Mnunuzi pekee, kwa maelezo yake, anajua kuwa akitaka kununua zaidi lazima apandishe bei kwa wote. Kwa hiyo hununua kidogo kuliko ambavyo soko lenye wanunuzi wengi lingenunua, na hulipa kidogo. Hasara basi huonekana mahali pawili: katika bei iliyoshuka na katika kiasi kilichopungua. Nadharia ya ustawi iliyofuata ilishika la pili. Harberger (1954) alipopima hasara ya ukiritimba katika viwanda vya Marekani, alihesabu thamani ya kile ambacho hakikuzalishwa, akapata takribani sehemu moja ya kumi ya asilimia moja ya pato la taifa. Fedha iliyohama kutoka mfuko mmoja hadi mwingine haikuhesabiwa kuwa hasara, kwa kuwa jumla yake kitaifa ni ileile.

Kipimo hicho kikiletwa kwenye mti wa kakao kinatoa jibu la ajabu. Mti huchukua miaka mitatu hadi mitano kabla ya kuanza kuzaa, na ukishapandwa huzaa kwa miongo. Mkulima akipewa bei ya chini msimu huu hang'oi miti. Anavuna kama kawaida kwa kuwa gharama kubwa ilikwishatoka zamani. Kiasi hakipungui. Kwa kipimo cha Harberger hasara inakaribia sifuri, hata kama nusu ya thamani ya mavuno imehama. Kadiri mkulima anavyokuwa amefungwa zaidi na zao lake, ndivyo nadharia inavyoona madhara madogo zaidi. Hili si kosa dogo la makadirio linaloweza kusahihishwa kwa takwimu bora. Chombo kimetengenezwa kisione.

Kasoro hiyo imeingia pia katika sheria. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, iliweka kuwa mtu ana nafasi ya kuhodhi soko iwapo peke yake anaweza kuzuia ushindani kwa faida na sehemu yake ya soko inazidi asilimia 35. Swali gumu ni soko lipi. Tanzania huzalisha chini ya asilimia moja ya kakao yote ya dunia. Kwa kipimo hicho hakuna mnunuzi wa Kyela mwenye nguvu yoyote. Lakini soko la mkulima wa Makwale ni umbali ambao gunia linaweza kubebwa kwa baiskeli au bodaboda, na wakati wa masika, mito inapofurika na barabara kukatika, umbali huo hupungua zaidi. Hotelling (1929) alieleza zamani kuwa umbali humpa kila muuzaji eneo lake dogo la ukiritimba. Maelezo hayo yanamfaa mnunuzi kwa nguvu ileile, na mvua za Kyela huchora mipaka ya eneo hilo upya kila mwaka.

5.0 Mwaka 1937 mara mbili

Afrika ilikuwa na ushahidi wa jambo hili miaka minne tu baada ya kitabu cha Robinson. Katika Pwani ya Dhahabu, ambayo sasa ni Ghana, makampuni makubwa ya Ulaya yaliyonunua kakao, United Africa Company ikiwa kubwa kuliko yote, yalifunga mapatano mwishoni mwa 1937 ya kugawana ununuzi ili bei isipandishwe kwa kugombania. Wakulima na machifu walijibu kwa kukataa kuuza kakao na kususia bidhaa za makampuni hayo hadi Aprili 1938. Tume ya Nowell iliyotumwa kuchunguza ilithibitisha kuwapo kwa mapatano.

Wakati huohuo, katika Zanzibar, serikali ya kikoloni ilikipa Chama cha Wakulima wa Karafuu, kilichoundwa 1927, mamlaka ya pekee juu ya usafirishaji wa karafuu nje. Hapa waliosusia walikuwa wafanyabiashara wa Kihindi, wakiungwa mkono na mgomo wa wanunuzi nchini India, na maafikiano ya 1938 yaliwarudisha kwenye biashara. Matukio haya mawili yalitokea katika miezi ileile, kwa mazao mawili yasiyoliwa na mkulima kama chakula, na yanaonekana kuwa kinyume: upande mmoja ukiritimba wa makampuni, upande mwingine ukiritimba uliotangazwa kumlinda mkulima. Kinachoshangaza ni jinsi yalivyoishia mahali pamoja. Baada ya vita Pwani ya Dhahabu ilipata Bodi ya Kakao (1947), mnunuzi pekee wa kisheria, na Zanzibar ikabaki hadi leo na mnunuzi mmoja wa karafuu, Shirika la Biashara la Taifa lililoundwa 1968.

Bauer (1954), katika uchunguzi wake wa biashara ya Afrika Magharibi, alikataa kuwa bodi ni tiba. Hoja yake ilikuwa kwamba msururu mrefu wa wachuuzi na mawakala, ambao maofisa waliuita upotevu, ulifanya kazi halisi: kukusanya mazao machache machache kutoka mbali, kutoa mikopo, na zaidi ya yote kumpa mkulima mahali pengine pa kwenda. Bodi ziliondoa msururu na kubakisha mlango mmoja. Bates (1981) baadaye alieleza kwa nini mlango huo ulivutia serikali: fedha iliyozuiwa hapo ilijenga miji. Kwa upande wa Tanzania maelezo hayo yanalingana na yaliyotokea. Vyama vikuu vya ushirika vilifutwa 1976, Shirika la Usagishaji la Taifa lililoundwa 1968 likawa mnunuzi wa nafaka kwa bei moja nchi nzima, na ushirika uliporudishwa kwa sheria ya 1982 ulirudi ukiwa na udhaifu ambao haujaisha.

Hata hivyo Bauer hapaswi kupokewa bila kuhojiwa. Aliona kwa usahihi kuwa mchuuzi hutoa mkopo, lakini aliuhesabu mkopo huo kama huduma ya ziada inayoongeza ushindani. Hakuuliza kama mkopo wenyewe ndio uzio.

6.0 Soko huria, kisha ghala

Mageuzi ya sheria za bodi za mazao mwaka 1993 yalifungua ununuzi wa mazao ya biashara kwa kampuni binafsi. Nadharia iliyokuwa nyuma yake ilikuwa ile ya Cournot katika umbo la kisera: ongeza idadi ya wanunuzi na bei itajirekebisha. Kwa miaka kadhaa Kyela ilipata kampuni za kununua kakao, baadhi zikiwa na soko la kakao hai ng'ambo, na mawakala wao wakafika vijijini. Lakini idadi ya mawakala si idadi ya wanunuzi. Mawakala kumi wanaopeleka kakao kwenye ghala mbili ni wanunuzi wawili wenye miguu ishirini.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, unaotokana na sheria ya 2005 na ulioanza kwa korosho za Mtwara msimu wa 2007/08 kabla ya kuenezwa kwa mazao mengine ikiwamo kakao, uligeuza hoja. Mkulima hupeleka mzigo kwenye chama cha msingi, chama hukusanya, mzigo hupimwa na kuwekwa ghalani, na wanunuzi hushindana kwa zabuni. Watetezi wake husema kuwa huu ndio ushindani wa kweli. Wapinzani husema kuwa ni ukiritimba uliorudi kwa kuvaa kanzu mpya, kwa kuwa mkulima haruhusiwi kuuza kwingine. Wote wawili wanasema kweli, na hilo ndilo tatizo. Mnada ni ushindani kati ya wanunuzi na ni ukiritimba wa njia kwa wauzaji. Nadharia yenye neno moja kwa mambo yote mawili haiwezi kumsaidia mtunga sera kuchagua.

Yapo mambo ambayo mnada umefanya na ambayo uhakiki wa haki lazima uyakubali. Bei hutangazwa mbele ya watu. Mzigo mkubwa uliokusanywa huvutia mnunuzi wa mbali ambaye asingemfuata mwenye kilo ishirini. Mizani ni moja, na ujanja wa lumbesa na wa debe lililobonyezwa hupungua. Ukilinganisha na bei za kutajiwa mlangoni pa nyumba, hizo ni faida halisi.

Ila mnada hauzai washindani. Klemperer (2002), akipitia minada mingi ya Ulaya, alisisitiza kuwa kinachoamua matokeo si ustadi wa kanuni bali mambo mawili ya kawaida: kuvutia waingiaji wapya na kuzuia maelewano kati ya wazabuni. Pale wazabuni ni wachache, wanajuana, na wanakutana kila wiki, mnada huweza kuwarahisishia maelewano, kwa kuwa kila mmoja huona mara moja aliyevunja ahadi. Yaliyotokea kwenye korosho mwaka 2018, pale wakulima walipokataa bei za mnada na serikali ikaingia kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo kwa kutumia jeshi, yanaonesha kuwa haki ya kukataa bei ina maana tu iwapo kuna mahali pa kwenda baada ya kukataa.

Ushahidi unaotumiwa mara nyingi kutetea mnada wa kakao ni kupanda kwa bei. Ushahidi huo ni dhaifu. Mwezi Machi 2024 bei ya kakao katika soko la New York ilivuka dola 10,000 kwa tani kutokana na mavuno mabaya ya Ghana na Côte d'Ivoire. Katika mwaka kama huo bei ya mkulima ingepanda chini ya mfumo wowote. Kinachopaswa kupimwa ni sehemu ya bei ya dunia inayomfikia mwenye shamba baada ya makato ya chama, ghala, ushuru na usafiri, msimu kwa msimu. Shilingi nyingi zaidi kwa kilo haziwezi kuonesha kama uzio umeondolewa.

7.0 Kakao mbichi

Suala linaloleta ugomvi mkubwa zaidi ni ununuzi wa kakao mbichi, ile iliyotolewa kwenye ganda kabla ya kuchachushwa na kukaushwa. Mamlaka huukataza kwa hoja mbili: ubora na unyonyaji. Hoja ya ubora ina uzito. Kakao huhitaji siku tano hadi saba za kuchachushwa na siku nyingine kadhaa za jua; anayenunua mbichi na kukausha haraka huharibu ladha, na kwa kuwa mnunuzi wa mwisho hawezi kuitambua punje mbaya kwenye shehena, sifa ya bonde zima hushuka. Akerlof (1970) alieleza jinsi bidhaa mbaya inavyoifukuza nzuri katika hali hiyo. Lakini hoja hiyo inaelekeza kwenye masanduku ya kuchachushia na vichanja vya pamoja, si lazima kwenye marufuku.

Hoja ya unyonyaji ndiyo inayohitaji nadharia, na nadharia ya ushindani iliyozoeleka haina la kusema. Kilo moja ya kakao kavu hutokana na takribani kilo mbili na nusu hadi tatu za mbichi. Mkulima anayeuza mbichi kwa bei ndogo mno anajua hesabu hiyo kuliko ofisa yeyote. Anauza kwa sababu ada ya shule inadaiwa, au kuna msiba, na njia ya ghala ina wiki mbili au zaidi ndani yake: kuchachusha, kukausha, kupeleka, kungoja mnada, kungoja malipo. Mnunuzi wa kakao mbichi hanunui kakao peke yake. Anauza siku kumi na nne. Ndivyo ilivyo pia kwa anayenunua mpunga ungali shambani, na hapa mpunga hupoteza ile faida yake ya kuweza kuliwa, kwa kuwa umekwishauzwa kabla ya kuwa chakula.

Bhaduri (1973), akiandika juu ya Bengal, alionesha jinsi soko la mkopo na soko la mazao yanavyofungamanishwa mikononi mwa mtu mmoja, kiasi kwamba kuyachunguza kila moja peke yake hakuoneshi kitu. Riba haionekani, kwa kuwa imejificha katika bei; bei haionekani kuwa ya ukiritimba, kwa kuwa mkulima "alikubali". Thales angelielewa jambo hili mara moja. Bauer aliliona nusu. Marufuku ya kakao mbichi hailioni kabisa: inamwondoa aliyekuwa akiuza muda, bila kuweka mwingine wa kuuza muda huo kwa bei nafuu. Matokeo yanayotarajiwa kinadharia ni kwamba biashara itahamia usiku, mnunuzi atadai bei ya chini zaidi ili kufidia hatari ya kukamatwa, na mwenye shida atalipa tofauti hiyo.

Stakabadhi yenyewe ilibuniwa kujibu swali hili. Katika wazo la awali ni hati ambayo mwenye mzigo anaweza kuipeleka benki na kukopa dhidi yake, akingoja bei. Ikifanya kazi hiyo, inavunja fungamano la Bhaduri kwa kumtenganisha mkopeshaji na mnunuzi. Isipofanya, inabaki kuwa risiti ya kupokelea mzigo, na kipindi cha kungoja malipo kinageuka kuwa mkopo ambao mkulima anaupa mfumo bila riba. Kwa hiyo takwimu mbili zinazopaswa kutangazwa katika kila mnada wa Kyela, pamoja na bei, ni idadi ya wazabuni wasio na uhusiano wa umiliki, na idadi ya siku kati ya mkulima kukabidhi mzigo na kupokea fedha yake. Zote mbili zimo tayari katika vitabu vya vyama vya msingi, vya Makwale na vya kwingine, zikisubiri tu kunakiliwa.